Bunduki nafuu ya kulenga shabaha: Usitazame bei ya dukani pekee

WAHENGA walisema rahisi huvunja upishi. Msemo huo unawafaa wanaotaka kununua bunduki ya kujiburudisha kwa kulenga shabaha. Wengi wao hutazama bei iliyobandikwa dukani na kusahau kwamba bunduki hununuliwa mara moja, ilhali risasi hununuliwa kila wanapotaka kucheza.

Nchini Marekani, kulenga makopo na vibao vya chuma ni burudani ya kawaida, hasa katika maeneo ya mashambani. Haya si mashindano. Hakuna refa wala medali. Hata jina la mchezo huo kwa Kiingereza linaiga mlio unaosikika risasi inapogonga kopo.

Wakenya wanaoishi huko kwa sababu ya kazi au masomo huenda wakaalikwa na majirani au marafiki kushiriki. Makala haya yanaeleza ni silaha zipi zinazofaa burudani hiyo bila kummaliza mtu mfukoni. Aidha, yanaeleza ni nani ambaye sheria ya Marekani inamkataza kuigusa bunduki hata akialikwa kwa nia njema, kwani suala hilo limefichika kwa wengi na athari zake ni kubwa.

Gharama iko kwenye risasi

Tuchukue mfano wa mtu anayefyatua risasi 200 katika alasiri moja, idadi ambayo ni ya kawaida kwa mchezo huu. Risasi ndogo ya kipenyo cha .22, yaani takriban milimita 5.6, aghalabu huuzwa kwa senti 5 hadi 10 za dola. Mtu huyo atatumia kati ya dola 10 na 20.

Akichagua bastola ya milimita 9, ambayo risasi yake moja hugharimu takriban senti 20 hadi 30, atatumia dola 40 hadi 60. Naye anayependa bunduki za mtindo wa kijeshi zinazotumia risasi ya 5.56 atalipa karibu nusu dola kwa kila risasi, yaani dola 100 kwa alasiri hiyo moja.

Wakienda uwanjani mara mbili kwa mwezi, mwenye .22 atakuwa ametumia dola 240 hadi 480 kufikia mwisho wa mwaka. Yule wa 5.56 atakuwa ametumia takriban dola 2,400. Tofauti hiyo yatosha kununua bunduki kadhaa ndogo na chenji ikabaki.

Bei hizi hupanda na kushuka. Baada ya mauaji ya watoto na walimu katika shule ya Sandy Hook, jimboni Connecticut, mnamo Desemba 2012, wanunuzi waliohofia kwamba sheria mpya zingepitishwa walifagia maduka, na risasi za .22 zikaadimika kwa muda mrefu. Uhaba wa risasi ulirejea mwaka 2020 wakati wa janga la Covid-19. Ndiposa wachezaji wazoefu hununua akiba ya kiasi wakati bei imetulia.

Kwa nini .22?

Risasi ya .22 inayotumika sana leo ilibuniwa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887. Tangu wakati huo, imekuwa risasi ya kujifunzia kwa vizazi vingi.

Umaarufu wake unatokana na udogo wake. Ina baruti kidogo, kwa hivyo bunduki haipigi teke begani, na mlio wake si mkali kama wa bunduki kubwa. Mtu anayeanza haogopi kufyatua, na asipoogopa hafumbi macho wala hatikisi mkono. Kwa sababu hiyo, hata wenye bunduki kubwa hurudi kwenye .22 kurekebisha makosa yao ya ulengaji.

Isitoshe, udogo huo haumaanishi kwamba ni silaha duni. Mashindano ya Olimpiki ya bunduki katika umbali wa mita 50 huendeshwa kwa kutumia risasi ya .22.

Bunduki za kuchagua

Katika maduka ya Marekani, jina linalotajwa sana ni Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Hujipakia yenyewe kila inapofyatuliwa, na hubeba risasi 10 katika kikasha kidogo kinachozunguka. Mamilioni ya bunduki hizo yameuzwa, kwa hivyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Ya kawaida kabisa hugharimu takriban dola 300 hadi 400.

Mshindani wake wa miaka mingi alikuwa Marlin Model 60, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960. Kampuni ya Ruger ilinunua jina la Marlin mwaka 2020. Kwa kuwa bunduki hizo zilitengenezwa kwa wingi mno, zingali zinapatikana kwa bei ya chini kwa wauzaji wa bunduki zilizotumika.

Anayejifunza, na hasa kijana anayefundishwa na mzazi, atafaidika zaidi na bunduki ya komeo, ambayo mtu huvuta komeo kwa mkono kabla ya kila risasi. Savage Mark II na Ruger American ni miongoni mwa zile za bei nafuu, nayo CZ 457 kutoka Jamhuri ya Cheki ni ghali kidogo lakini inasifika kwa kulenga sawasawa. Bunduki ya aina hii humlazimu mchezaji kutulia, na anayetulia hutumia risasi chache.

Kwa wapendao filamu za zamani za wachunga ng’ombe, kuna bunduki ya wenzo ya kampuni ya Henry, ambayo hupakiwa kwa kusukuma na kurudisha wenzo ulio chini ya kifyatulio. Vilevile kuna bastola ya silinda iitwayo Heritage Rough Rider, ambayo mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 200. Hata hivyo, bastola ni ngumu kulenga kuliko bunduki ndefu, na mtutu wake mfupi hugeuzwa upande usiofaa kwa urahisi. Anayeanza aanze na bunduki ndefu.

Bunduki ya hewa

Anayetaka kupunguza gharama zaidi anaweza kuchagua bunduki ya hewa, ambayo haitumii baruti. Kampuni ya Daisy ilianza kuzitengeneza katika miaka ya 1880 mjini Plymouth, Michigan, wakati ilipokuwa bado kiwanda cha vinu vya upepo vya wakulima. Bunduki yake iitwayo Red Ryder, ambayo imekuwa sokoni tangu 1940, huuzwa kwa makumi machache tu ya dola, na golori zake ni za bei ya chini mno.

Kuna pia bunduki za hewa zenye usahihi mkubwa zinazotumia vidonge vya milimita 4.5. Katika shindano la Olimpiki la bunduki ya hewa ya mita 10, alama ya kati yenye pointi 10 ni kitone cha nusu milimita pekee. Wasomaji wengi watamkumbuka Yusuf Dikeç wa Uturuki, ambaye kwenye Olimpiki za Paris 2024 alipata medali ya fedha ya timu mseto katika bastola ya hewa, akiwa ametia mkono mmoja mfukoni na bila ya vifaa vingi vinavyovaliwa na wenzake.

Sheria ya shirikisho ya Marekani haihesabu bunduki ya hewa kuwa silaha ya moto. Hata hivyo, baadhi ya majimbo, likiwemo New Jersey, yana sheria kali zaidi. Fauka ya hayo, golori moja yatosha kumpofusha mtoto, kwa hivyo haifai kuachwa mikononi mwa watoto bila mtu mzima.

Kodi kabla ya kununua

Viwanja vingi vya kulenga shabaha nchini Marekani hukodisha bunduki na kutoa mkufunzi. Anayeruhusiwa na sheria ni bora akodi aina mbili au tatu kwanza, kwani bunduki inayomfaa mwenzake huenda ikawa nzito au ndefu mno kwake.

Katika bajeti, atenge fedha za miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio na kabati au kufuli ya kuhifadhia silaha. Vitu hivi si vya hiari. Mlio wa bunduki unaweza kuharibu masikio kabisa, na bunduki iliyoachwa mvunguni mwa kitanda ndiyo huokotwa na mtoto. Risasi zihifadhiwe mbali na bunduki.

Baada ya mchezo, ni vyema kunawa mikono kabla ya kula. Madini ya risasi, ambayo ndiyo yaliyoipa risasi jina lake, ni sumu, na vumbi lake hubakia vidoleni.

Kanuni nne

Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyeanzisha shule ya mafunzo ya bunduki jimboni Arizona mwaka 1976, alieneza kanuni nne ambazo hadi leo hufundishwa kwa wanaoanza. Ya kwanza ni kuichukulia kila bunduki kuwa ina risasi. Ya pili ni kutoelekeza mtutu kwa kitu ambacho hutaki kukiangamiza. Ya tatu ni kutotia kidole kwenye kifyatulio kabla hujalenga, na ya nne ni kujua shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Kanuni ya nne ndiyo husahauliwa na wenye .22 kwa kuwa wanaiona ndogo. Risasi hiyo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Inahitaji kuzuiwa na kingo ya udongo, si ua wa miti. Haifai kulenga maji wala mawe, kwani risasi hugonga na kuruka kwingine, wala chupa za glasi, ambazo huacha vigae ardhini. Wakati wa kiangazi kuna hatari ya moto pia. Mwaka 2012, walenga shabaha jimboni Utah walisababisha moto wa nyika uliowalazimu maelfu ya watu kuhama makwao kwa muda.

Sheria isemavyo kwa wageni

Sehemu hii ndiyo muhimu zaidi kwa Mkenya aliye ughaibuni. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia nchini humo kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kazi au utalii, kumiliki au kushika bunduki ya moto au hata risasi. Asiye na kibali halali cha kuishi nchini humo amekatazwa pia.

Kushika hapa si lazima iwe ni kununua. Kukodi bunduki uwanjani kwa nusu saa, au kupokezwa na rafiki shambani ili kujaribu bahati, kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Tangu mwaka 2022, adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha miaka 15. Isitoshe, kosa la bunduki linaweza kumfanya mgeni afurushwe nchini.

Ipo misamaha michache. Ule unaojulikana zaidi ni wa mgeni aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na mojawapo ya majimbo ya Marekani. Hata mwenye leseni hiyo yafaa apate ushauri wa wakili kwanza na aibebe wakati wote. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hazuiwi na marufuku hiyo, ila ni sharti afuate sheria za jimbo lake, ambazo hutofautiana sana.

Kwa mwanafunzi mwenye viza, jibu salama ni kukataa kwa heshima. Anaweza kuuliza iwapo katika jimbo hilo bunduki ya hewa inaruhusiwa, kisha acheze kwa hiyo.

Humu nchini hali ni tofauti kabisa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila leseni, na anayeitaka ni lazima achunguzwe na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mwishoni mwa mwaka 2018, serikali iliwaagiza hata waliokuwa na leseni wakaguliwe upya. Anayetaka kujifunza mchezo huu nchini aanzie kwenye klabu iliyosajiliwa, na asijaribu kurudi nyumbani na bunduki, hata ile ya hewa, sandukuni bila kuuliza bodi hiyo kwanza.

Kwa aliye na kibali, basi, bunduki ya kwanza na iwe .22 ya komeo, pamoja na risasi za kutosha miezi miwili, miwani, vizibo vya masikio na kufuli. Bunduki kubwa zitamngojea dukani. Akifika wakati wa kuzinunua, atakuwa tayari anajua kulenga, na hatapoteza fedha kwa risasi zinazopita kando ya kopo.