KUFULA NGUO KATIKA SAFARI YA INCHI ZA JIRANI

Ndugu wanafunzi, vakansi kubwa inakaribia. Wengi kati yetu watavuka mupaka: mumoja anaenda kwa mujomba wake Kigali, mwingine Bujumbura, wengine watapanda bisi ya usiku mpaka Kampala. Wote tuko na feza kidogo. Mutu anafikiri juu ya tiketi na chakula, lakini nguo anazisahau. Kisha siku ya tatu shati inanuka, na kwa hoteli wanahesabu bei ya kufula kwa kila nguo moja moja. Basi tueleze kidogo namna ya kujifulia wenyewe, bila kupoteza feza na bila kuleta ugonjwa nyumbani.

1. Nguo gani za kubeba?
Si lazima kujaza valizi. Mashati 3 yanatosha: moja kwa mwili, moja kwa kamba, moja kavu ndani ya mufuko. Uzi wa pamba unakunywa maji mingi, kwa hiyo suruali nzito ya jinzi inaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Nguo nyepesi ya poliesta inakauka kwa usiku mumoja, lakini inashika harufu ya jasho upesi kuliko pamba. Kikwembe kimoja kinafaa sana: ni shuka, ni taulo, ni pazia.

2. Sabuni na mufuko
Beba kipande cha sabuni ya muti. Sabuni ya unga inamwangika ndani ya valizi, na ile ya maji inavuja. Tena angalieni jambo hili: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Watu wengi wamezoea kufunga nguo mbichi ndani ya sasheti. Kwa mupaka wa Rwanda wanaweza kukunyanganya ile sasheti, na nguo zako zinabaki inje mbele ya watu. Afazali kushona mufuko wa kitambaa mapema.

3. Kufula kila magaribi
Usingoje nguo ziwe nyingi. Shati moja na shoseti, hiyo ni kazi ya dakika 10 kwa beseni. Pakaa sabuni kwa shingo na kwa makwapa, acha kidogo, ndipo ufikiche. Damu inataka maji baridi kwanza. Maji ya moto inaipika, nayo inashika ndani ya uzi. Suza mara mbili, kwa maana sabuni ikibaki inafanya mwili uwashe. Kisha tandika shati juu ya taulo kavu, kunja vyote pamoja kama mukeka, na kamua kwa nguvu. Taulo inavuta maji, na asubui shati iko tayari.
Ukilala kwa watu, uliza mama mwenye nyumba kwanza. Katika miji mingi maji inanunuliwa kwa bido, na mugeni anayemaliza bido mbili kwa shati moja hawezi kupendwa. Maji ya mwisho ya kusuza, usiimwange: itafaa kwa shoseti, kisha kwa kusafisha choo.

4. Maji ya ziwa
Hapa kuna hatari ya kweli. Kando ya ziwa Tanganyika na ziwa Victoria utaona watu wanafula wakisimama ndani ya maji. Ndivyo wengi wanavyopata bilharzia. Konokono wadogo wa maji wanatoa vidudu ambavyo jicho haliwezi kuona, na vile vidudu vinapenya ngozi ya miguu na mikono kwa dakika chache tu. Hakuna kidonda, hakuna maumivu makali. Ugonjwa unaonekana nyuma, kwa damu ndani ya choo ao ya mukojo, na kwa tumbo. Kama hakuna maji ingine, chota uiache ndani ya pipa siku 2 kamili bila konokono, kwa sababu vile vidudu haviishi zaidi ya hapo. Ao uchemshe. Na aliyekwisha kuingia ndani ya maji ya namna ile aende kwa munganga apimwe. Dawa yake iko.

5. Kuanika na kupasi
Wazee wetu wanapasi hata nguo za ndani, na vijana wanacheka. Lakini wazee wana haki. Kuna inzi moja inayotaga mayai juu ya muchanga na juu ya nguo mbichi zilizoanikwa kwa kivuli ao kwa majani. Wafaransa wanaita funza yake « ver de Cayor ». Ukivaa nguo ile, funza inaingia ndani ya ngozi na kufanya jipu, nayo inakomaa kwa siku 8 mpaka 12. Pasi ya makala yenye moto inaua mayai yote, lakini upige pande mbili, na zaidi kwa mishono. Kama hakuna pasi, anika ndani ya nyumba yenye dirisha la wavu, ao kwa kamba juu kwenye jua kali. Usitandike kamwe juu ya majani.

Kumbukeni pia kwamba Bujumbura kuna joto na nguo inakauka upesi, lakini Kampala mvua inaweza kunyesha hata katika mwezi wa nane. Angalia mbingu mbele ya kulowanisha suruali yako moja tu.

Basi, kipande cha sabuni, kamba ya metre 3, mufuko wa kitambaa: vyote hivi havifiki bei ya kufulisha mashati mawili kwa hoteli. Safari njema kwa wote, na murudi na afya.