Nyumba za Bwana McMillan wa Juja

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika, akisha kupita Ruiru, hufika Juja baada ya muda mfupi. Huko aona maduka, nyumba za ghorofa za kupangisha, wanafunzi wengi, na magari yasiyokwisha kupita. Ni vigumu kusadiki kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita Juja lilikuwa jina la shamba la mtu mmoja, na kwamba mtu huyo aliishi hapo kwa fahari kama kabaila wa Ulaya, akiwakaribisha wakubwa wa dunia mezani pake.

Mtu huyo aliitwa William Northrup McMillan. Alizaliwa mji wa St. Louis, Marekani, mwaka wa 1872. Jamaa yake walitajirika kwa kiwanda cha kuunda mabehewa ya reli, na utajiri huo ukamwondolea haja ya kutafuta riziki. Moyo wake ulipenda safari na uwindaji. Katika mwaka wa 1903 aligharimia safari ya kushuka mto Blue Nile kwa mashua, lakini mashua zilivunjwa na maporomoko na safari ikaishia hapo. Muda si mrefu baadaye alifika Afrika ya Mashariki, akajipatia maelfu ya eka kati ya Ruiru na Thika, kisha nchi nyingine chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk.

Wamaasai ndio walioupa mlima huo jina la Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Watu wengine huuita Kilimambogo, kwa sababu ya mbogo wakaao msituni mwake. Majina hayo yatosha kuonyesha kwamba nchi ile haikuwa jangwa lisilojulikana. Wakamba, Wamaasai na Wakikuyu waliijua kila mmoja kwa upande wake, kwa malisho, kwa mashamba au kwa mawindo. Lakini sheria za ardhi za wakati ule, ile ya 1902 na ile ya 1915, ziliiweka nchi mikononi mwa Serikali ya Mwingereza, nayo iliwagawia walowezi. Sheria ya 1915 iliruhusu mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Yafaa msomaji akumbuke jambo hili kabla ya kuisifu bustani au baraza ya nyumba ya Juja.

Kuhusu jina la Juja, yasimuliwa kwamba McMillan alikuja na sanamu mbili kutoka Afrika ya Magharibi, moja ikiitwa Ju na ya pili Ja, na kwamba shamba lilipata jina lake kwa sanamu hizo. Nyumba yenyewe haikuwa na ghorofa, bali ilikuwa na baraza iliyotiwa kivuli na mimea itambaayo. Haikujengwa kwa kiburi cha minara na kuta nene. Fahari yake ilikuwa katika ukarimu: chakula kizuri, farasi, bunduki na watumishi wengi.

Wageni hawakukosa kuja. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mdogo wa Makoloni, alipotembelea nchi hii mwaka wa 1907 alikuwa mgeni wa McMillan. Katika mwaka wa 1909 alifika Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuacha kiti cha Rais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Walikuwa wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Walikaa Juja na kuwinda katika nchi ya mito ya Ruiru na Athi. Walipokuwa Nairobi, McMillan aliwapa nafasi katika nyumba yake ya mjini.

Nyumba hiyo ya mjini ndiyo Chiromo. Haikujengwa na McMillan, bali na Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwaka wa 1914, McMillan aliingia jeshini ingawa mwili wake ulikuwa mkubwa mno, na nyumba ya Chiromo ikatumika kwa maofisa waliohitaji kupumzika baada ya ugonjwa na majeraha. Basi nyumba iliyozoea vicheko vya wawindaji ikawa ya wagonjwa. Vita vilipokwisha, McMillan alikuwa amekwisha kupewa heshima ya kuitwa Sir, na baadaye akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Alifariki huko Ufaransa mwaka wa 1925. Alikuwa amependa azikwe juu ya Ol Donyo Sabuk, na maiti yake ikarudishwa. Yasemekana gari lililochukua jeneza lilishindwa kupanda mlima hata kileleni, ndiyo sababu kaburi lake liko ubavuni. Mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker nao wamezikwa hapo.

Je, vitu vyote vile viliishia wapi? Hapa ndipo penye mafundisho.

Lady McMillan alijenga maktaba katikati ya Nairobi kwa ukumbusho wa mumewe, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1931. Ni jengo la mawe lenye nguzo kubwa, na simba wa mawe wameketi mbele ya mlango wake. Ndani yake viliwekwa baadhi ya vyombo vya nyumba ya McMillan pamoja na pembe za ndovu. Lakini maktaba hiyo iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Karani Mwafrika aliyejua Kiingereza vizuri, mwenye kiu ya kusoma, alipita nje akawatazama simba, akaenda zake. Watu wote waliruhusiwa kuingia mwaka wa 1962, Baraza la Mji wa Nairobi lilipoichukua. Kiti alichokalia tajiri nyumbani kwake kikawa katika jengo ambamo mwana wa mkulima aweza kufungua kitabu bila kuulizwa kabila lake.

Nao mlima, uliokuwa mali ya mtu binafsi, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka wa 1967. Chiromo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na masomo ya sayansi hufundishwa hapo. Na jina la Juja, ambalo zamani lilimaanisha karamu na bunduki, leo lawakumbusha watu Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Chuo hicho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1981 kwa msaada wa Serikali ya Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994.

Mambo kama hayo yametokea kwingine pia. Katika milima ya Usambara, Tanzania, kuna shamba la Sakharani, makao ya Tom von Prince, askari wa Kijerumani aliyepigana na Mkwawa wa Wahehe, akapewa cheo cha ukabaila mwaka wa 1907. Aliuawa katika vita vya Tanga mwezi wa Novemba, 1914. Shamba lake lilikuja kuwa mikononi mwa watawa wa Kibenediktini wa Ndanda. Aliyejenga alidhani amewajengea watoto wake, kumbe amewajengea watu asiowajua.

Lakini tusidanganyike kwamba mabadiliko haya yaliletwa na miaka peke yake. Mlango wa maktaba haukujifungua. Ulifunguliwa kwa sababu watu waliokuwa nje walidai haki yao katika nchi yao, na kwa sababu baraza la mji lilikubali kubeba gharama. Tena mlango uliofunguliwa waweza kufungwa na uchakavu. Majengo ya zamani huvuja, na vitabu huliwa na mchwa. Tangu mwaka wa 2017 chama cha Book Bunk kimejitwika kazi ya kuitengeneza maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Siku hizi mashamba makubwa kati ya Ruiru na Thika yanakatwa vipande. Palipokuwa na kahawa pamepandwa mawe ya mipaka, na mji mpya wa Tatu unajengwa juu ya shamba la namna hiyo. Si vibaya, maana watu ni wengi na wahitaji nyumba. Ila mwenye kugawa shamba leo yampasa ajiulize kama ameacha mahali pa shule, pa maktaba na pa watoto kuchezea. McMillan alikuwa na nchi kubwa kuliko walivyo navyo wengi, na katika yote hayo, yale yanayowafaa watu leo ni yale tu yaliyofunguliwa kwa wote.