Protini Katika Maji ya Jibini

Kilo 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 1 ya jibini. Kilo 9 zisaliazo ni maji ya manjano, ambayo viwanda vingi viliyamwaga mitoni. Bakteria wakayala, wakamaliza oksijeni, na samaki wakafa. Kumbe maji hayo hubeba karibu sehemu moja kwa tano ya protini yote ya maziwa!

Tangu miaka ya 1970 protini hiyo huchujwa kwa utando wenye vitundu vidogo mno: maji, sukari ya maziwa na chumvi hupenya, protini hubaki. Kisha hukaushwa iwe unga, na hapo ndipo penye ugumu. Molekuli zake zimejikunja mfano wa vifundo vya uzi, na zikiwa hivyo huyeyuka vizuri. Joto likipita digrii 70 za Sentigredi hivi, vifundo hufunguka na kushikamana, kama ute wa yai ugandavyo. Na yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi.

Mwoka keki huutaka mgando huo, lakini utokee jikoni mwake. Unga uliokwisha kuivia kiwandani hauyeyuki vema wala haugandi sawasawa. Kwa hiyo maji hupunguzwa kwanza katika ombwe, ambamo huchemka kwa joto dogo. Halafu kimiminika hurushwa kama manyunyu katika hewa yenye digrii zipatazo 180. Ajabu ni kwamba tone haliivi: mvuke unaolitoka hulipoza, nalo hukauka kwa sekunde chache tu. Mwishowe unga hunyunyiziwa lesithini kidogo, mafuta yapendayo maji, ili usifanye madonge kikombeni.