Mpokeaji na Mpira Usio Mkononi Mwake: Msimu wa Pili wa Jeremiah Smith

Juma hili twawaletea habari za kijana wa Kimarekani, Jeremiah Smith, ambaye mnamo Agosti 2025 alikuwa na umri wa miaka 19 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State katika mji wa Columbus. Kijana huyu hucheza mpira wa Kimarekani katika nafasi ya mpokeaji. Msimu wa 2024, ambao ndio uliokuwa wake wa kwanza chuoni, alidaka mipira 76, akaipatia timu yake yadi 1,315, na mara 15 akaufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo. Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 2025 alianza msimu wa pili, na swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja: je, angeweza kuyapita aliyoyafanya mwaka wa 2024?

Huenda mzazi akauliza, mchezo wa Marekani watuhusu nini sisi watu wa pwani? Jibu letu ni kuwa kila nyumba humjua mtoto wa namna hii. Ni yule aliyeshika namba ya kwanza mwaka jana, akasifiwa na jamaa na majirani, na sasa macho yote yamemwelekea yeye kuona kama ataishika tena. Tena baadhi ya wana wetu hutazama vipande vya mchezo huu katika simu zao. Ni vyema wazazi wajue wanachokitazama.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Timu mbili za watu 11 kila upande hushindana katika uwanja wa yadi 100, yaani mita 91 na kidogo. Mpira wao si wa mviringo, bali umechongoka ncha mbili, na hubebwa kwa mikono. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, na isipofaulu mpira huenda kwa wapinzani. Kiongozi wa mashambulizi ni mrushaji. Yeye huupokea mpira nyuma ya wenzake walio mashababi, kisha huchagua ampe mkimbiaji aliye karibu naye au amrushie mpokeaji aliye mbali. Mpokeaji akidaka ndani ya eneo la mwisho, au akifika humo na mpira, timu yake hupata pointi 6.

Sasa tutie akilini jambo moja, kwani ndilo kiini cha maneno yetu. Mpokeaji hana amri juu ya mpira. Hukimbia njia aliyoagizwa, akapinda mahali palepale alipoambiwa apinde, huku mlinzi akimkaba bega kwa bega. Baada ya juhudi yote hiyo, mpira huweza kurushwa kwa mwingine. Mara nyingi ndivyo iwavyo. Katika mchezo wa dakika 60 mpokeaji hodari hukimbia mara nyingi mno, na kudaka mara tano au sita akahesabiwa kuwa amefanya kazi njema. Hesabu ya magazeti huandika zile alizodaka tu. Zile mbio nyingine, ambazo kwazo huwavuta walinzi ili mwenzake apate nafasi, hakuna daftari la umma linaloziandika.

Jeremiah Smith alilelewa kusini mwa jimbo la Florida, pande za Miami, na alipomaliza shule ya sekondari wachunguzi wa mchezo huo walimhesabu kuwa wa kwanza katika rika lake nchini kote. Ohio State wana desturi ya kumbandikia kila mchezaji mgeni utepe mweusi katikati ya kofia yake ngumu, na utepe huo haubanduliwi mpaka wakubwa wake waridhike na bidii yake. Wa kwake ulibanduliwa katika mazoezi ya majira ya kuchipua, kabla hajacheza hata mchezo mmoja rasmi. Chanda chema huvikwa pete. Msimu ulipokwisha, alikuwa amezipita rekodi za mwaka wa kwanza zilizowekwa chuoni hapo na Cris Carter, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wapokeaji mashuhuri wa Marekani.

Hata hivyo, hesabu hizo si zilizotuvutia sisi. Tulivutiwa na mambo matatu yaliyotukia katika safari hiyo.

La kwanza ni kosa. Tarehe 12 Oktoba 2024 timu yake ilikuwa ugenini kwa Chuo Kikuu cha Oregon, nyuma kwa pointi moja, na mchezo ulikuwa ukielekea ukingoni. Smith alimsukuma mlinzi ili apate nafasi ya kudaka, mwamuzi akaliona, na timu ikarudishwa nyuma yadi 15. Wakapoteza mchezo kwa 32 kwa 31. Fikirini uzito wa jambo hilo juu ya mabega ya kijana wa miaka 18, mbele ya taifa zima. Tarehe 1 Januari 2025 timu hizo zikakutana tena katika robo fainali ya mashindano ya ubingwa. Siku hiyo Smith alidaka mipira 7, akapata yadi 187, akafunga mara mbili, na Ohio State wakashinda kwa 41 kwa 21. Kupotea njia ndiko kujua njia.

La pili lilitukia siku tisa baadaye, katika nusu fainali dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas. Walimu wa Texas walikuwa wameyaona yaliyowapata Oregon, wakaazimia kuwa ashinde yeyote, ila si Smith. Kila alipokwenda aliandamwa. Mchezo mzima alidaka mpira mmoja tu, na yadi alizopata ni 3. Lakini je, timu yake ilishindwa? La. Ilishinda kwa 28 kwa 14. Walinzi waliomwandama yeye hawakuweza kuwapo mahali pawili, na mkimbiaji TreVeyon Henderson, aliyepewa pasi fupi, akaona njia i wazi mbele yake, akakimbia yadi 75 mpaka mwisho. Jifya moja haliinjiki chungu. Anayeusoma mchezo ule kwa daftari atasema Smith hakufanya kitu. Anayeusoma kwa macho atasema alifanya kazi kubwa, ila haikuandikwa kwa jina lake.

La tatu ni la fainali, tarehe 20 Januari 2025 mjini Atlanta, dhidi ya Chuo Kikuu cha Notre Dame. Zilikuwa zimesalia dakika chache, na Ohio State wakiongoza kwa 31 kwa 23, uongozi ambao ungeweza kufutika kwa shambulizi moja. Walikuwa katika jaribio la tatu, wakihitaji yadi 11. Wengi katika hali hiyo wangalichagua njia ya tahadhari. Kocha mkuu Ryan Day na mrushaji Will Howard wakamwamini kijana wa mwaka wa kwanza, mpira ukarushwa mbali, naye akaudaka na kupata yadi 56. Mchezo ukaisha kwa 34 kwa 23. Yule aliyepewa mpira mmoja siku kumi nyuma hakununa wala hakulegea. Mpira ulipomjia saa ya dhiki, ulimkuta yu tayari.

Tukijua hayo, twaweza kuutazama msimu wa 2025 kwa jicho la insafu. Mambo yalikuwa yamebadilika. Howard alikuwa ameondoka kwenda ligi ya kulipwa. Henderson kadhalika, na pia Emeka Egbuka, mpokeaji mkongwe aliyekuwa akiwagawanya walinzi upande wa pili. Mrushaji mpya, Julian Sayin, alitangazwa Agosti 2025, na mwaka wa 2024 alikuwa amerusha mipira michache mno katika mashindano. Mrushaji na mpokeaji ni kama mshona na mkata nguo: hata kila mmoja akiwa fundi, hawana budi kuzoeana kwanza. Na mchezo wa ufunguzi ulikuwa dhidi ya Texas wale wale, ambao walikuwa wamewekwa namba ya kwanza katika orodha ya kabla ya msimu, ilhali Ohio State waliwekwa ya tatu.

Upande wa neema nao ulikuwapo. Mwalimu wake wa upokeaji tangu alipoingia alikuwa Brian Hartline, ambaye naye alikuwa mpokeaji wa chuo hicho hicho, na mwaka 2025 alipandishwa kuwa mwenye kuongoza mashambulizi yote. Tangu mwaka 2022 hadi 2025, wapokeaji watano waliofunzwa naye wamechukuliwa katika duru ya kwanza na timu za kulipwa. Tena Carnell Tate, mpokeaji mwenzake, alikuwa amebaki, na kama angetishia upande wake, walinzi wasingeweza kumkimbilia Smith wote.

Rai yetu kabla ya msimu huo ilikuwa hii. Hatungeshangaa idadi ya yadi zake ikipungua, hasa katika michezo ya mwanzo, wala hatungeona kuwa huko ni kuanguka. Mwaka wa 2024 baadhi ya wapinzani walikuwa hawajamjua. Mwaka wa 2025 kila mwalimu angelala akimfikiri yeye. Kipimo cha haki ni hiki: siku atakayodaka mipira miwili, je, atakimbia mbio za ishirini kwa nguvu ile ile ya mbio za kwanza? Akifanya hivyo, amekua, hata daftari lisiposema.

Liko jaribio jingine, nalo ni la sifa na mali. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina yao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kiasi kisichozidi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Kijana aliye kileleni kama huyu hana shida ya riziki. Lakini sheria ya ligi ya kulipwa haimruhusu mchezaji kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Maana yake ni kuwa Smith hangeweza kwenda huko kabla ya mwaka 2027, hata kama ustadi wake ulikuwa umekwisha kutosha. Katika mchezo wa kugongana miili, kungoja huko kuna hatari. Goti moja likiteguka, mengi hubadilika. Ndiyo maana wako waliosema kwamba ingemfaa akae kando autunze mwili wake. Yeye alirejea mazoezini.

Wazazi wenye wana wanaoota kusomea Marekani kwa ufadhili wa michezo wayazingatie hayo. Mbele ya kila jina linalotajwa wako wengi waliokimbia mbio zile zile wasirushiwe mpira. Kilichowabakia ni elimu yao, na tabia waliyoijenga wakati wa kungoja. Na kwa mtoto anayesifiwa nyumbani, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni pia alifanyaje siku ambayo zamu haikumfikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na dawa ya sifa ni kuwa na kipimo kisichotegemea kelele za watazamaji.

Kuna tarehe moja tungependa mwikumbuke. Novemba 29, 2025 Smith alitimiza miaka 20, na siku hiyo hiyo timu yake ilikuwa ugenini kwa mahasimu wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Michigan, ambao walikuwa wamewashinda Ohio State miaka minne mfululizo. Hata mwaka wa 2024, msimu wa ubingwa, walishindwa nao nyumbani kwa 13 kwa 10. Hapo ndipo msimu huo ulipotarajiwa kupimwa kwa ukali zaidi.

Lakini kwanza walikuwa Texas. Mchezo ulipangwa kuanza adhuhuri ya Columbus, katika uwanja unaochukua watu zaidi ya 100,000, na kwa saa za kwetu ilikuwa saa moja ya usiku, baina ya Magharibi na Isha. Watoto wakiomba ruhusa ya kutazama, na wakamaliza yaliyo wajibu wao, kaeni nao. Waambieni wamtafute mwenye fulana namba 4, na wasiufuate mpira. Wamfuate yeye wakati mpira uko kwingine, wahesabu walinzi wangapi wanamkimbilia, kisha watazame ni mwenzake yupi amepata nafasi kwa sababu hiyo.