Sarafu Kongwe Isisuguliwe

Katika machimbo ya Masumbwe, wilayani Mbogwe, mkoani Geita, mchimbaji mdogo wa leo hategemei sururu na karai peke yake. Wapo wanaotembea na ditekta, ile mashine inayolia inapopita juu ya madini yaliyofukiwa. Lakini mashine hiyo haichagui. Huililia dhahabu, huulilia msumari, na huililia vilevile sarafu iliyomponyoka mpagazi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Swali tunalopenda kulijadili leo ni hili: sarafu hiyo ikipatikana, je, isafishwe? Na je, ipelekwe kwa mabingwa ikapimwe na kupangiwa daraja?

Rai yetu ni kwamba isisafishwe kabisa. Ama kupangiwa daraja, hiyo ni hatua ya mwisho, tena kwa sarafu chache tu, baada ya kwanza kuandikishwa.

Tunaelewa kwamba rai hii itamshangaza mchimbaji, kwa kuwa kazi yake imemfundisha kinyume. Dhahabu hutoka ardhini imechanganyika na mawe. Husagwa, huoshwa, hukamatwa kwa zebaki, huchomwa, na kadiri inavyotakata ndivyo bei yake inavyopanda. Sarafu kongwe haifuati kanuni hiyo. Rangi ya kahawia au ya kijani juu ya shaba, na weusi juu ya fedha, ni ngozi iliyoota kwa miaka mingi. Ukiisugua kwa mchanga, kwa majivu au kwa brashi ya waya, unayaparuza maandishi. Ukiitia ndimu au tindikali, unaula uso wake. Itang'aa, lakini hakuna fundi awezaye kukirudisha kilichokwisha kuondolewa, na mnunuzi mjuzi huutambua mng'ao huo mara moja akateremsha bei.

Wala tusidhani kwamba sehemu hizi hazikujua fedha. Wasumbwa, wenyeji wa eneo hili, walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu. Katika karne ya 19 walifika Katanga wakifuata shaba, na huko Msiri, aliyetoka katika kabila lao, akasimamisha dola yake. Upande wa kusini ilikuwako Tabora, njia panda ya misafara ya pwani. Kisha mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ikaanza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha, pesa 64 kwa rupia moja. Aliyepita chuoni ataweza kusoma juu ya pesa hizo maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, kuanzia 1307, maana kampuni hiyo ilijua kwamba watu wa pwani hawasomi Kijerumani. Kuanzia mwaka 1904 Serikali ya kikoloni ikaleta heller, 100 kwa rupia, nasi mpaka leo tunaitamka "hela" bila kukumbuka ilikotoka.

Iko na kubwa zaidi. Mwaka 1916, vita vikiwa vimeifunga njia ya bahari, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe mjini Tabora. Zilikuwako hela 5 na hela 20, na iliyo mashuhuri kuliko zote, rupia 15 ya dhahabu yenye sura ya tembo, iliyotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilitengenezwa kiasi cha 16,000 tu kabla ya Wabelgiji kuingia mjini mwezi Septemba mwaka huo huo. Kwenye mizani ya sonara sarafu hiyo ni gramu 7 na ushei, na robo yake si dhahabu. Ikitumbukia katika chungu cha kuyeyushia, mchimbaji atalipwa dhahabu, na taifa litakuwa limechoma ushahidi wa historia yake.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia huenda akauliza, Masumbwe na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba sarafu za visiwani zimesafiri kuliko wengi wetu. Sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, ilipatikana Zimbabwe Kuu, nchi ya dhahabu, ikawa ushahidi wa biashara ya pwani na bara. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, dinari hizo ziliwawezesha wataalamu kukadiria kwamba hazina ilifichwa baada ya katikati ya karne ya 11. Lau kila mtu angetwaa yake akaisugua, tusingelijua hilo.

Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Tano kati yake zilitambuliwa baadaye kuwa za Kilwa. Askari huyo alikuwa ametia alama kwenye ramani, na kwa alama hiyo wataalamu waliweza kurudi mahali pale mwaka 2013. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuje kwenye daraja. Yapo makampuni ya Marekani, kama PCGS lililoanza kazi mwaka 1986 na NGC la mwaka 1987, ambayo huchunguza sarafu, huipa alama kati ya 1 na 70, kisha huifungia katika kasha la plastiki. Sarafu iliyosuguliwa kwa kawaida hunyimwa alama hiyo, ikaandikwa tu kwamba ni halisi lakini imesafishwa. Kuna ada, bima na gharama ya kusafirisha. Kwa hela ya kawaida iliyochakaa, gharama hizo hupita bei ya sarafu yenyewe. Kwa rupia 15 ya Tabora huduma hiyo ina maana, kwani bandia zipo.

Lakini kabla ya bahasha kuvuka mpaka, iko sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huvihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kuwa mali ya kale inayolindwa. Sarafu ya Kilwa, basi, si bidhaa ya kuuzwa kichochoroni. Zanzibar nayo ina sheria yake.

Hapa tunawageukia ndugu zetu maofisa. Mchimbaji akifika ofisini na sarafu, akapokewa kama mtuhumiwa, hatarudi, na mwenzake hatafika kamwe. Apewe stakabadhi. Jina lake liandikwe pamoja na sarafu. Apate jibu, na ikistahili, apate kifuta jasho. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1996, humlipa aliyevumbua hazina, na utaratibu wake wa kuandikisha vilivyookotwa umekusanya habari za vitu zaidi ya milioni moja. Sisi tuliofungua masoko ya madini mwaka 2019 ili dhahabu ya mnyonge ipimwe kwa haki hatushindwi kuweka daftari moja la sarafu katika kila wilaya.

Na kwa ndugu mchimbaji: ikilia ditekta ukaiona sarafu, ishike ukingoni. Usiisugue. Iweke katika bahasha ya karatasi, andika siku na mahali ulipoipata, kisha umwone Afisa Utamaduni wa wilaya au wahusika wa Makumbusho ya Taifa. Udongo ulioganda mwachie mtaalamu.