Je, Wajua? Kukoroma Kunaweza Kuuchosha Moyo

Mtu mnene sana anayekoroma usiku na kusinzia mchana, hata ndani ya matatu ya Awasi kwenda Kisumu, huenda moyo wake umeelemewa.

Uzito wa mwili hukandamiza kifua, pumzi zikawa fupi. Kwa baadhi ya watu hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi, hujaa kwenye damu hata wakiwa macho, na oksijeni hushuka. Hapo mishipa ya mapafu hujibana. Upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, hadi unachoka na miguu inavimba.

Tiba mojawapo ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa mgonjwa akiwa amelala. Colin Sullivan wa Australia aliitangaza mwaka 1981. Baadaye ikaja nyingine, inayoongeza msukumo kila mgonjwa anapovuta pumzi. Utafiti wa Hispania uliochapishwa 2020 ulifuatilia kwa miaka 3 wagonjwa ambao pia pumzi zao hukatika mno usingizini. Shinikizo kwenye mishipa ya mapafu lilishuka karibu sawa kwa mashine zote mbili. Kwetu hiyo ni habari njema kweli, maana ile ya kwanza ndiyo nafuu kwa bei.

Lakini jihadhari: oksijeni peke yake, bila mashine, inaweza kuzidisha kaboni dayoksaidi. Ukimpeleka mzazi hospitali kwa sababu ya miguu kuvimba, mweleze daktari pia jinsi anavyolala.