Kulabu, Uzi na Mtoto Mchanga

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari ya kazi ndogo iliyoingia nyumbani mwetu pamoja na mtoto wetu wa kwanza, yaani kufuma kwa sindano yenye kulabu. Wengine huiita krosheti, nalo ni neno la Kifaransa, maana yake kulabu ndogo.

Sisi tuandikao ni mume na mke, twakaa Madale katika Wilaya ya Kinondoni, mbali na wazee wetu. Bibi yake mtoto alikuja, akakaa nasi hata arobaini ikatimia, kisha akarudi kwake. Ndipo tulipoujua upweke. Baba hutoka alfajiri kwenda kazini mjini, akarudi usiku; mama hubaki na mtoto mchana kutwa. Nazo kazi za mlezi hazina mwisho: nepi zilizofuliwa asubuhi zimechafuka adhuhuri, na mtoto aliyenyonya sasa hivi analia tena. Jioni ikifika, mama hakuweza kuonyesha hata jambo moja akisema, Hili limekwisha. Akaanza kulia pasipo kujua sababu.

Siku moja mama mzee wa jumuiya yetu alikuja kutupa hongera, akayaona macho ya mzazi. Hakutoa hotuba. Aliuliza kwanza, “Mwanangu, tangu lini walia hivi?” Alipojibiwa kuwa ni wiki ya tatu, alisema, “Kesho twende kliniki, mimi na wewe na mumeo.” Tukaenda. Twalitaja jambo hili mbele ya mengine ili mtu asidhani kwamba uzi ni dawa. Huzuni ya mzazi izidipo wiki mbili, au akikosa usingizi hata mtoto alalapo, au akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, na apelekwe kwa mganga upesi. Hilo la mwisho halingoji hata siku moja. Wala si aibu, wala si upungufu wa imani.

Baada ya hayo alirudi tena, na mfukoni mwake mna kulabu na donge la uzi wa pamba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu amelala?”

“Amelala, mama, lakini ataamka sasa hivi.”

“Basi hiyo ndiyo saa yetu. Shika.”

Akatuonyesha kufanya kitanzi, kupitisha kulabu, kuunasa uzi na kuuvuta ndani ya kitanzi. Kitanzi huzaa kitanzi, hata ukapatikana mnyororo. Kisha mfumaji hugeuka na kurudi juu ya mnyororo ule, safu kwa safu. Mnyororo wetu wa kwanza ulikuwa umekaza hapa, umelegea pale, kama njia ya mlevi. Mara mtoto akalia. Mama akashtuka, maana alidhani kazi itafumuka yote. Mwalimu wetu akacheka: “Kikuze kitanzi kidogo, ukiache. Hakikimbii.”

Hapo ndipo tulipojua kwa nini kazi hii yawafaa wazazi wapya. Afumaye sweta kwa sindano mbili huwa na vitanzi vingi wazi kwa wakati mmoja, na vikichomoka, kazi yaharibika. Bali kwa kulabu kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Mtu aweza kuiacha kazi katikati ya safu, akamnyonyesha mtoto, akarudi akaikuta pale pale. Na akikosea, huvuta uzi mpaka penye kosa, akaanza tena, wala uzi haupotei. “Uzi hauna kinyongo, mwanangu,” alisema yule mama. Maneno hayo tumeyakumbuka hata katika mambo mengine ya nyumba.

Wala sisi si wa kwanza kufarijiwa kwa kazi ya mikono. Njaa kuu ilipoingia Ireland mwaka 1845, wanawake wengi walilisha nyumba zao kwa kufuma lesi kwa kulabu na kuiuza. Na hapa kwetu, huko Mbweni, Unguja, wasichana waliookolewa utumwani walifundishwa kushona pamoja na kusoma, katika shule ya misheni aliyoisimamia Bibi Caroline Thackeray tangu mwaka 1877.

Baba naye aliona haya mwanzoni, akisema kazi hii ni ya wanawake. Lakini nani asukaye nyavu za wavuvi pwani yetu, kama si wanaume? Basi siku za Jumamosi yeye hushika kulabu na mama hulala. Usingizi ule ni zawadi kuliko kofia yenyewe.

Wapendao kumfumia mtoto na wayashike haya. Watumie uzi wa pamba, kwa sababu ya joto letu. Wafume kwa kukaza, maana kidole cha mtoto chaweza kunaswa tunduni au kuzongwa na uzi uliolegea. Wasitie kamba shingoni wala vifungo. Mtoto alalapo nyumbani, avuliwe kofia, wala asiachiwe blanketi lililolegea. Na kulabu iwekwe juu, asipoifikia.

Bali mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana habari nyingine. Huyo huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, soksi na kofia. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulioonyesha kwamba kuanza hivyo mara baada ya kuzaliwa huokoa maisha; na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza ifanywe hivyo.

Kwa hiyo kofia yetu ya kwanza, iliyopinda, twaitunza sandukuni. Ya pili ilivaliwa na mtoto wa jirani, aliyezaliwa mdogo mno. Mmesoma habari za Dorkasi wa Yafa, jinsi wajane walivyozionyesha nguo alizowashonea. Wajane wale hawakutaja maneno yake, walionyesha nguo. Nanyi mjuao kufuma, tazameni: katika mtaa wenu yuko mzazi aliye peke yake. Mwendeeni, mkiwa na donge la uzi, na kwanza mwulizeni habari zake.